Gumboro: Kinga Iliyopungua kwa Kuku Wazazi

Mfugaji wa kuku wa nyama akipoteza vifaranga kwa Gumboro, lawama hugawanywa kabla mzoga haujapasuliwa. Muuza dawa huuliza kama chupa ya chanjo ilisafiri na barafu. Bwana mifugo huuliza kama maji ya kuchanganyia yalikuwa ya bomba, yenye klorini. Nyumbani huulizwa nani alisahau kuwanyima kuku maji saa mbili kabla ya kuwapa chanjo ili wainywe wakiwa na kiu. Ni maswali ya haki, na mara nyingi jibu limo humo humo. Lakini yote yanaanzia siku boksi la vifaranga lilipofunguliwa. Lisiloulizwa liko nyuma zaidi, kwenye banda la kuku wazazi ambalo mfugaji huyu hajawahi kuliona, na pengine halimo hata nchini mwake.

Kinga ya Gumboro imekuwa ikishuka kwa takriban miongo minne. Kirusi chenyewe kimechangia, na nitakieleza. Ila kwa upande wetu wa Afrika Mashariki naona tatizo kubwa zaidi liko kwa mama wa kifaranga: anachanjwa katikati ya msongamano wa chanjo nyingine, kisha habari zake zinapotea njiani kabla mtoto wake hajafika bandani.

Ugonjwa huu ulionekana mwaka 1957 katika mashamba ya kuku wa nyama karibu na Gumboro, eneo la jimbo la Delaware, Marekani. A. S. Cosgrove aliuandika kitaalamu mwaka 1962, na kwa kuwa figo za mizoga zilikuwa zimevimba, mwanzoni ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa figo. Baadaye ndipo macho yalipohamia kwenye bursa ya Fabricius, kifuko kidogo kilichokaa juu ya tundu la kutolea kinyesi. Kazi ya kifuko hicho nayo ilikuwa ndiyo kwanza inafahamika. Bruce Glick na Timothy Chang, wakiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, walikuwa wameona kwamba kuku aliyeondolewa bursa akiwa mchanga hushindwa kutengeneza kingamwili. Jarida la Science liliikataa makala yao. Ikachapishwa mwaka 1956 katika jarida la wataalamu wa kuku, lililosomwa na watu wachache, na leo elimu ya kinga ya binadamu haiwezi kufundishwa bila kupitia kwa kuku wale.

Kirusi cha Gumboro, basi, hushambulia mahali pale pale ambapo chembe za kutengeneza kingamwili hukulia. Madhara hutegemea umri. Kifaranga akiambukizwa kati ya wiki ya tatu na ya sita huumwa waziwazi: manyoya husimama, hutetemeka, huharisha majimaji meupe, hujidonoa nyuma. Vifo hupanda kwa siku tatu au nne, kisha hushuka haraka mpaka mfugaji akadhani dawa aliyonunua imefanya kazi. Ukimpasua unakuta bursa imevimba, ina utando wa manjano kama mlenda, pengine imejaa damu, na kwenye misuli ya mapaja na kifua kuna michirizi ya damu. Akiambukizwa kabla ya wiki ya tatu, mara nyingi huoni kitu. Anakula, anatembea. Bursa yake inasinyaa kimya kimya na hairudi tena katika hali yake. Huyu ndiye atakayechanjwa kideri akafa kwa kideri, na mwenye duka ataambiwa chanjo yake ilikuwa mbovu.

Katika wiki hizo tatu za mwanzo kifaranga hawezi kujitengenezea kinga ya kutosha. Anategemea aliyorithi. Mama huweka kingamwili zake kwenye kiini cha yai, na kifaranga hulinyonya kabla na baada ya kutotolewa. Kwa hiyo tangu miaka ya 1970 watafiti na makampuni walielekeza nguvu kwa kuku wazazi: mitetea hupewa chanjo hai ya Gumboro wakiwa wanakua, kisha karibu na wiki ya 16 hadi 20, kabla ya kuanza kutaga, hudungwa chanjo iliyouawa iliyochanganywa na mafuta. Chanjo hai huamsha mwili, ile ya mafuta huinua kingamwili juu na kuzishikilia kwa muda mrefu. Zikifuatana vizuri, vifaranga wa kuku hao hutoka kwenye mashine ya kutotoleshea wakiwa na ulinzi mkubwa na, jambo lililo muhimu zaidi, wenye kulingana.

Utaratibu huo ulifanya kazi, tena vizuri. Pigo la kwanza lilitoka kule kule ugonjwa ulikoanzia. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye rasi ya Delmarva, John Rosenberger na wenzake walitenga virusi vya Gumboro vilivyobadilika sura. Vifaranga wa kuku wazazi waliochanjwa ipasavyo walikutwa na bursa zilizosinyaa bila kuugua. Kingamwili walikuwa nazo, ila za kukitambua kirusi cha zamani. Pigo la pili lilikuja Ulaya mwaka 1986 na 1987, kuanzia Ubelgiji na Uholanzi: kirusi kilekile machoni pa kingamwili, lakini kikali mno, kinachopenya kinga ya mama ambayo zamani ingetosha na kuua kwa kiwango ambacho hakikuwa kimezoeleka. Aina hiyo kali ilisambaa Asia na Afrika ndani ya miaka michache. Huku kwetu watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamechambua vinasaba vya virusi vilivyochukuliwa kwa kuku wa Tanzania wakaikuta.

Tena ni kirusi kigumu. Hakina utando wa mafuta, kwa hiyo sabuni na dawa nyingi za kunyunyizia bandani hazikiondoi. Majaribio ya mwaka 1967 nchini Marekani yalionyesha kwamba banda lililokuwa na wagonjwa liliambukiza kuku wapya siku 122 baada ya wagonjwa kuondolewa. Mfugaji anayepumzisha banda wiki mbili kati ya kundi na kundi hajakiondoa. Amekipa likizo tu.

Jibu la viwanda kwa ukali huo lilikuwa kuongeza ukali wa chanjo ya kifaranga. Zikaja chanjo hai za kati, kisha za kati zilizo kali zaidi, zenye uwezo wa kupenya kinga ya mama mapema. Zinasaidia, na mahali penye kirusi kikali mtu hawezi kuzikwepa. Lakini zenyewe hugusa bursa, na zikimkuta kifaranga asiye na kinga ya mama humfanyia sehemu ya kazi ambayo kirusi cha mtaani kingemfanyia. Kwa maneno mengine, kadiri chanjo ya mtoto inavyozidi kuwa kali, ndivyo inavyohitaji mama aliyechanjwa sawasawa. Katika biashara mambo yalikwenda kinyume. Ilionekana kwamba maadamu kuna chanjo kali ya kifaranga, ya mama si ya kuumiza kichwa.

Wakati huohuo ratiba ya mama ilikuwa inajaa. Kuku mzazi wa leo hupata chanjo ya Mareksi siku ya kwanza. Za kideri na bronkaitisi humrudia mara kadhaa. Katikati ya ukuaji wake huchomwa kwenye ubawa kwa ajili ya ndui, mara nyingi pamoja na ugonjwa wa kutetemeka wa vifaranga. Kuna chanjo za salmonela, za reovirusi inayolemaza miguu, za mafua ya kuku ya bakteria, na ya ugonjwa wa kushuka kwa utagaji uliogunduliwa Uholanzi mwaka 1976. Halafu kuna anemia ya kuku ya kuambukiza.

Huu ugonjwa wa anemia unastahili kusimamiwa kidogo, kwa sababu unaonyesha jinsi ufugaji mzuri unavyoweza kumgeuka mfugaji. Kirusi chake kiligunduliwa Japani na Noriyuki Yuasa na wenzake mwaka 1979. Kinapita kwenye yai. Kuku mzazi akiambukizwa wakati anataga, kwa wiki kadhaa vifaranga wake watazaliwa nacho, na wakifika wiki ya pili au ya tatu watapauka, wataishiwa damu, mabawa yatavilia damu. Akiambukizwa kabla ya kuanza kutaga hakuna tatizo: anapata kinga na kuirithisha. Katika mashamba ya zamani yenye vumbi karibu mitetea wote walikutana nacho wakingali wadogo. Shamba lilipokuwa safi zaidi, wengine walifika umri wa kutaga hawajawahi kukigusa. Kwa hiyo ikabidi wachanjwe chanjo hai, nayo lazima imalizike wiki nne au zaidi kabla ya yai la kwanza la kutotoleshwa, isije ikapita yenyewe kwenye yai. Chanjo ya ugonjwa wa kutetemeka ina sharti la aina hiyo hiyo. Na kifaranga akipata Gumboro na anemia kwa pamoja ni balaa: kwa kawaida ukubwa humkinga na anemia, lakini bursa ikiharibika kinga hiyo ya umri hutoweka.

Matokeo yake, kati ya wiki ya 8 na ya 18 mtetea ana foleni ya sindano, matone na maji ya chanjo. Chanjo hai hazikai pamoja kwa amani kila mara. Ya bronkaitisi na ya kideri hugombea koo lile lile, na ya bronkaitisi ikizidi nguvu ile ya kideri haishiki vizuri. Wataalamu huacha siku kadhaa, pengine wiki mbili, kati ya chanjo hai na nyingine, lakini kalenda haina wiki za ziada. Kinachobanwa kwanza ni kile kisichoonekana kuwa na dharura, na katika ratiba ya mtetea chanjo hai ya Gumboro ndiyo hiyo. Mtetea wa wiki kumi hafi kwa Gumboro. Meneja anayetazama vifo vya shamba lake haoni anachopoteza akiirusha.

Anachopoteza kitaonekana kwenye sindano ya mafuta. Chanjo iliyouawa haina nguvu ya kuanzisha kinga kubwa yenyewe. Inainua kinga ambayo chanjo hai iliianzisha. Mtetea ambaye hakuamshwa kwanza atapata kingamwili chache na zitashuka mapema.

Niitendee haki sindano yenyewe. Ile ya mafuta ambayo hubeba kideri, bronkaitisi, Gumboro na reovirusi katika nusu mililita moja hupimwa na watengenezaji kabla ya kuuzwa, na kuchanganya virusi vilivyouawa katika chupa moja hakuleti mvutano kama kuchanganya vilivyo hai. Tatizo lake ni siku ya kudunga. Kikosi cha wachanjaji kinaanza alfajiri. Kuku wanashikwa mmoja mmoja, kifua kinageuzwa juu, sindano, anaachiwa. Chanjo iliyotoka kwenye friji inatakiwa ipate joto kwanza, kwa kuwa mafuta ya baridi ni mazito: hayapiti sawasawa kwenye bomba na huacha uvimbe mgumu kwenye nyama. Sindano butu ibadilishwe baada ya kuku mia kadhaa. Pampu ihakikiwe kwamba inatoa nusu mililita kweli, maana povu la hewa likiingia inatoa chini ya hapo na hakuna anayejua. Saa nane mchana mikono imechoka, joto la banda limepanda, na kuku wanaopita chini ya mikono bila kudungwa wanaongezeka. Siku hiyohiyo pengine ndiyo ya kuwahamishia banda la kutagia. Njia ya haraka ya kujua kazi ilifanyikaje ni kuhesabu chupa zilizotumika na kulinganisha na idadi ya kuku. Njia ya uhakika ni kuwapima damu wiki chache baadaye. Ya kwanza haigharimu kitu, na bado kuna mashamba ambayo hayaifanyi.

Hata sindano ikifanyika vizuri, kingamwili hupungua kadiri mama anavyozeeka. Kuku mzazi wa nyama hutaga mpaka karibu wiki ya 60 na zaidi. Vifaranga wake wa wiki ya 30 na wale wa wiki ya 58 hawapewi urithi sawa. Mashamba mengine hurudia sindano karibu na wiki ya 40. Mengi hayarudii, kwa sababu kumshika kuku anayetaga kunapunguza mayai kwa siku kadhaa.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo ratiba iliyobandikwa mlangoni mwa banda inapokwama. Uholanzi walitengeneza fomula inayoitwa ya Deventer, kwa jina la mji wake. Inasema kwamba katika kuku wa nyama kingamwili za mama hupungua kwa nusu kila siku tatu hivi, na katika kuku wa mayai, anayekua polepole, kila siku tano na nusu. Chanjo ya kati hushika pale kipimo cha kingamwili kiitwacho ELISA kinaposhuka mpaka karibu 125. Ile kali zaidi hushika kwenye 500. Tuseme kifaranga wa mama kijana ametotolewa na 8,000. Mpaka afike 125 anahitaji kupunguziwa nusu mara sita, yaani siku 18. Kifaranga wa mama mzee ana 1,000: mara tatu, siku 9. Nimeacha marekebisho madogo ya siku za mwanzo.

Ratiba ya kawaida kwetu husema kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri siku ya 21, Gumboro siku ya 28. Waweke vifaranga hao wawili katika boksi moja na uwachanje siku ya 14. Wa kwanza bado ana kinga ya kuua chanjo kabla haijafanya kitu. Wa pili amekaa uchi siku tano, katika banda ambalo kirusi kinaweza kukaa miezi. Ukisogeza mpaka siku ya 18 unamngoja wa kwanza huku wa pili anaachwa siku tisa. Ukirudisha siku ya 9 unamkosa wa kwanza kabisa, na itabidi urudie. Hakuna siku iliyo sahihi kwa boksi hilo. Chanjo ilikuwa nzima, maji yalikuwa safi, barafu haikuyeyuka, na bado watakufa. Kwa sababu hiyo fomula inataka damu ya vifaranga wasiopungua 18 au 20, ione pia tofauti kati yao, si wastani tu.

Huko Delmarva au Uholanzi, kuku wazazi, mashine na banda la kukuzia kwa kawaida vimo chini ya kampuni moja au vimefungwa na mikataba. Daktari anayepima damu ya mama ndiye anayepanga chanjo ya mtoto, au anafahamiana naye. Kwetu mnyororo umekatika. Mtotoleshaji hununua mayai kwa zaidi ya shamba moja, na mengine huagiza nje. Mashine lazima ijae, kwa hiyo trei za makundi mbalimbali huingia pamoja. Vifaranga hupangwa mia mia kwenye maboksi, hupewa wakala, wakala huwapakia kwenye basi la usiku. Anayewapokea stendi anajua aina ya kuku na bei. Umri wa mama haujui. Kama mama alidungwa hajui, na hana wa kumuuliza.

Mwaka 2017 serikali ya Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 waliokamatwa Namanga wakitokea Kenya, kwa marufuku iliyowekwa kwa kuhofia mafua ya ndege. Mjadala uliofuata ulikuwa wa biashara kati ya nchi mbili na wa ukatili kwa wanyama, yote mawili mambo ya kujadiliwa. Kwa mfugaji wa Gumboro kisa kile kina maana nyingine: vifaranga husafiri mbali, na udhibiti wetu unaangalia mpaka waliouvuka zaidi ya kundi walikotoka.

Kuna sababu ya kihistoria pia. Ushindi wetu mkubwa katika chanjo za kuku ni wa kideri. Chanjo ya I-2 isiyodhurika haraka na joto, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, imetengenezwa nchini Tanzania na kufika vijijini kama tone la jicho kila baada ya miezi mitatu au minne. Imeokoa kuku wengi wa kienyeji. Ilitufunza kwamba chanjo ni jambo kati ya mfugaji na kuku wake, likamilike pale pale bandani. Gumboro haikubali hivyo.

Teknolojia mpya inaahidi kurahisisha. Chanjo za kudungwa kwenye kituo cha kutotolesha, siku ya kwanza au ndani ya yai siku ya 18, hutumia kirusi cha batamzinga kilichopachikwa kipande cha Gumboro. Kinga ya mama haiziui, wala hazidhuru bursa. Ningekuwa na kituo cha kutotolesha ningezitumia. Lakini zina mipaka ambayo wauzaji huipitia haraka. Kirusi hichohicho cha batamzinga hutumika kubeba kideri pia, na ukimdunga kifaranga chanjo mbili tofauti zilizojengwa juu yake huvutana, moja ikazidiwa. Ndiyo maana imebidi zitengenezwe nyingine zinazobeba vipande viwili katika kirusi kimoja. Huhifadhiwa kwenye naitrojeni kimiminika, si friji ya dukani. Na kinga yake huchukua wiki mbili tatu kujengeka, kipindi ambacho anayemlinda kifaranga bado ni mama yake. Mtotoleshaji anayenunua chanjo hizi kisha akapunguza sindano za wazazi ili kufidia gharama amehamisha pengo kutoka wiki ya tatu kwenda wiki ya kwanza, penye madhara yasiyoonekana.

Kinachohitajika hapa hakizidi uwezo wetu. Boksi linaweza kuandikwa umri wa kundi la wazazi na tarehe ya sindano yao ya mwisho. Mtotoleshaji anaweza kutenga mayai ya makundi vijana na ya wazee, au angalau kuyauza kwa wateja tofauti. Damu ya vifaranga ishirini kwa kila kundi la wazazi, kila baada ya wiki nane au kumi, ni gharama ndogo ikigawanywa kwa maelfu ya vifaranga. Ugumu ni kwamba anayetakiwa kulipa si anayefiwa. Mwenye kuku wazazi akidunga vizuri au vibaya, mayai yake hununuliwa kwa bei ileile, na vifo hutokea wiki kadhaa baadaye kwenye banda la mtu mwingine, katika wilaya nyingine, chini ya jina la chanjo iliyoharibika.